Aliyekata Mitende ya Nyumba ya Wageni

Jirani yangu hapa Kimulot amejenga nyumba ya mabati ya rangi. Kabla hajaweka madirisha ya upande wa nyuma, alikuwa tayari amepanda mitende minane kutoka geti mpaka mlangoni. Mwezi uliopita majani yalianza kugeuka manjano. Akaenda agrovet, duka la dawa za shamba na mifugo, akarudi na dawa ya kupe, ile ya ng'ombe, akaipiga mitende yote kuanzia chini hadi juu, hata akawa anainua majani kama mtu anayetafuta kupe chini ya kwapa. Nilipopita akaniambia, "Mzee, hawa sasa wamekwisha." Nikaangalia vizuri. Na kwa kweli, sikuona kupe hata mmoja kwa ile miti.

Basi nawaandikia nyinyi vijana mnaopanda mitende ya geti. Najua haizai tende wala nazi, na kivuli chake hakitoshi kuku wawili. Lakini mmeipenda, na mimi siwezi kuwacheka sana kwa sababu mitende ya namna hiyo ndiyo ilinilisha miaka zaidi ya ishirini. Nilikuwa nyapara wa bustani katika nyumba ya wageni ya shamba moja kubwa la chai. Jina la shamba nitaliacha. Shule nilifika darasa la saba, kwa hivyo mahali nitakosea kuhusu majina ya wadudu, mtu aliyesoma anirekebishe. Nilikuwa na daftari ya kazi na niliandika kila siku, na mtaona kwamba kuandika kila siku si sawa na kuandika ukweli.

Aliyenifundisha ni Mzee Langat. Alikuwa amepogoa chai mpaka mgongo ukakataa, ndiyo akaletwa bustani apumzike. Yeye alikuwa na shule kidogo kuliko mimi lakini alikuwa na macho. Siku yangu ya kwanza nilipaka mtende mmoja mafuta machafu ya trekta kwa sababu niliona sisimizi wanapanda. Nilitaka anisifu. Aliniuliza sisimizi wanafuata nini huko juu. Nikasema sijui. Akageuza jani moja, akanionyesha vidonge vidogo vya kahawia vimeng'ang'ania mgongo wa jani kama magamba. Akasema hawa ndio wanyonya utomvu, na sisimizi ni wachungaji tu, wanakamua hao kama sisi tunavyokamua ng'ombe. "Wewe umepaka mchungaji mafuta," akaniambia, "na ng'ombe bado wako malishoni." Tulichukua maji, sabuni ya kipande iliyokunwa na kitambaa, tukaosha jani moja moja siku mbili nzima. Ule mti niliopaka mafuta ulikauka ganda upande mmoja na haukupona vizuri.

Alinifundisha pia kwamba jani bichi la mtende halikatwi. Hapa kwetu hili ni gumu kueleweka. Watu wa chai tukiona kitu kimerefuka mikono inawasha, tunataka kukisawazisha kiwe kama meza. Nimeona mitende ya kanisa moja huko Mogogosiek imepogolewa na vijana wa chai kwa kujitolea, na kwa roho safi kabisa, mpaka ikabaki kama fagio za choo. Jani bichi likikatwa, harufu ya kidonda inaita mdudu mwenye mdomo mrefu, anataga humo, na watoto wake wanakula moyo wa mti kutoka ndani. Utajua siku kilele kitakapolala. Siku hiyo leta panga, dawa imepitwa.

Halafu kuna chokaa. Meneja wetu alipenda shina lipakwe chokaa nyeupe mpaka kiunoni kila wageni wakija. Aliamini inaua wadudu. Kwa haki, meneja alikuwa mtu mzuri, alikuja kwa mazishi ya mama yangu na akasimama kwa matope mpaka mwisho. Lakini chokaa hiyo haikumwua mdudu yeyote, labda aliyekuwa amelala njiani brashi ikipita. Nilipaka kila mara na nikaandika, "Mitende imetibiwa."

Sasa nifike kwa hili lililonifanya nichukue kalamu.

Kwa bustani yetu alikuwepo Mama Akinyi. Alikuja kutoka upande wa ziwa na marehemu mume wake aliyekuwa fundi wa kiwandani, na mume alipofariki kampuni ikampa kazi ya bustani. Nyumba ya laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, aliyokaa na watoto watatu iliendana na kazi. Kazi ikiisha, nyumba inaisha. Mimi nikifukuzwa nilikuwa na chai yangu Kimulot na ng'ombe wanne. Yeye akifukuzwa anakunja godoro na kutoa watoto shuleni. Nataka mkumbuke tofauti hiyo, kwa sababu mimi wakati ule sikuikumbuka.

Jioni alishona nguo, na Jumamosi alipamba kanisa. Alikuwa akikunja karatasi hivi na hivi, anakata mara moja, anakunjua, unaona safu nzima ya maua. Mwaka ule, kabla ya Jumapili ya Matawi, aliniomba mbele ya watu majani machache ya mitende. Nikakataa kwa sauti ya unyapara. Akasema, "Sawa, Baba Chebet, Yesu ataingia na majani ya ndizi," na watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Wiki chache baadaye mtende wa tano ulifungua jani jipya, na jani hilo lilikuwa limekatwa. Si kuliwa kama nzige anavyokula. Lilikuwa na pembetatu safi, kushoto na kulia, zimelingana kama mapambo. Baada ya hapo mtende wa sita, kisha wa tisa. Nilisimama chini nikaangalia, nikatoa daftari, nikaandika: "Majani yamekatwa na makasi."

Someni tena sentensi hiyo. Makasi niliona wapi? Niliona jani lina pengo. Hayo mengine nilijiongezea, na ninaogopa nilijiongezea kwa sababu bado nilikuwa nasikia kile kicheko.

Wakati huo wageni wanunuzi wa chai walikuwa wanatarajiwa kutoka nje. Meneja aliona mitende yake imechanika, akaita daftari yangu, akasoma, akamwita mkubwa wa askari. Huyu tulimwita Sajini kwa sababu alikuwa amestaafu jeshini na hakutaka mtu asahau. Nisimwonee: chini yake hatukuwahi kuibiwa hata jembe. Lakini alikuwa mtu wa kumaliza kesi kabla ya chai ya saa nne. Aliuliza nani ana makasi, nani aliomba majani, nani anajua kukata maua. Akaenda laini, akarudi na makasi ya Mama Akinyi yamefungwa kwa gazeti kama mkono wa maiti.

Tuliitwa ofisini. Tulikuwa meneja, Sajini, Mama Akinyi, mimi, na mwakilishi wa wafanyakazi ambaye alikula biskuti za wageni na kutetea kila moja. Sajini alieleza kwamba mama huyu alipanda mitende kwa ngazi kwa siku tofauti akaikata kwa kulipiza kisasi. Mama Akinyi ni mtu mnene na goti lake la kushoto halikunjiki tangu aanguke kiwandani. Kupanda ngazi tatu za kanisa ni lazima ashikwe mkono. Meneja aliuliza goti hilo liliwezaje. Sajini akasema hasira huponya.

Mama Akinyi hakulia wala hakuapa. Aliomba karatasi. Meneja akampa. Akaikunja kama upepeo, akaomba makasi yake, Sajini akasita, meneja akaitikia kwa kichwa. Akakata mara moja tu, kona ndogo. Akakunjua karatasi juu ya meza. Pembetatu nyingi, kushoto na kulia, zimelingana.

"Jani la mtende linazaliwa limekunjwa hivi," akasema. "Yule aliyekata, alikata likiwa bado ndani, kama mkuki, kabla halijafunguka. Mara moja tu. Sasa mnitafutie makasi yanayoingia ndani ya mti."

Niliona ni kweli, na nikaona mimi nyapara wa miaka yote hiyo sikuwahi kufikiri hivyo.

Sajini akamgeukia meneja. "Bwana, si umejionea? Anajua kukata."

Mwakilishi aliacha kutafuna. Meneja akachukua daftari yangu, akaweka kidole kwa ile sentensi. "Rotich, wewe ndiye uliandika. Uliona makasi?"

"Sikuona."

"Basi hapa uliandika nini?"

"Niliandika nilichofikiria."

Hapo ndipo ningefaa kusema zaidi, niseme mama huyu hawezi kupanda, niseme niliandika nikiwa na hasira. Nilinyamaza. Ninajaribu kuwa wa haki kwa kila mtu katika hadithi hii, kwa hivyo na mimi nijitendee haki: nilikuwa mwoga. Meneja akasema wageni wanafika baada ya siku saba. Aliyekata mitende aletwe kabla ya hapo. Asipoletwa, Mama Akinyi atapewa barua na ataachia nyumba.

Nje nilimfuata nikitaka kuomba msamaha, lakini maneno yalitoka vibaya. Nilisema pole kwa yaliyompata. Akaniangalia. "Yaliyonipata yana mwandiko wako," akasema, akaenda kuchukua viatu vyake vya kazi.

Sasa lazima niwaambie juu ya mbolea yangu.

Nyuma ya nyumba ya wageni nilikuwa na rundo la mbolea. Niliwahi kupelekwa mafunzo ya siku tatu na nikapata cheti, na cheti kilikuwa ukutani mwa stoo. Rundo hilo lilikuwa na samadi ya ng'ombe wangu mwenyewe, niliyobeba kutoka nyumbani kwa sifa, kwa sababu kwetu mtu akikuletea samadi nzuri amekuheshimu. Niliongeza vumbi la mbao na magogo yaliyooza kutoka kwa kuni za kiwanda. Nikalisawazisha juu kama meza ya chai. Wageni walilipiga picha. Tatizo ni kwamba mafunzo yalisema ligeuzwe kila baada ya wiki chache, na mimi sikutaka kuharibu umbo. Lilikaa vile, bila kuguswa, zaidi ya mwaka. Mama Akinyi aliwahi kuniambia kwamba mbolea isiyogeuzwa ni nyumba ya kupanga, hujui nani amehamia. Nikamwonyesha cheti.

Siku ya tatu baada ya ile kesi nilisikia uma wa bustani ukiingia kwa rundo. Nilikimbia nyuma nikamkuta ameshafungua nusu ya rundo langu. Nilianza kusema ni nani amempa ruhusa, kisha nikaona kilichokuwa miguuni pake. Walikuwa funza weupe, wanene kama kidole gumba, wamejikunja, kichwa cha kahawia. Walijaa, wengine walikuwa ndani ya magogo. Aliendelea kuchimba bila kuniangalia mpaka akapata mmoja aliyekomaa, mdudu mweusi anayeng'aa, mwenye pembe moja puani kama kifaru. Fundi mmoja wa umeme kutoka Pwani aliyekuwa akirekebisha taa alikuja kuchungulia, akasema huyo kwao anaitwa chonga na minazi inamjua. Analelewa kwa samadi na miti iliyooza, akikua anaruka juu, anatoboa jani likiwa limekunjwa anywe maji yake.

"Baba Chebet," Mama Akinyi akasema, "hawa ni wako?"

Nilitaka kusema ni wa Mungu. Nikasema rundo ni langu.

"Sajini ataniambia nimewaleta kwa kikapu. Nataka aliye juu. Yule wa kwa mti, na shimo lake."

Kwa hilo alikuwa sahihi, na vijana shikeni hapa. Kumpata mdudu chini si ushahidi wa kilichotokea juu. Angalia penye mkuki wa jani jipya, kwa shina la jani. Ukiona tundu lenye makapi yametokeza kama ya mtu aliyetafuna muwa, na makapi bado ni mabichi, mwenye nyumba yuko ndani. Nilichukua spoku ya baiskeli, ule waya mnyoofu wa gurudumu, nikainoa, nikapinda ncha kama ndoana. Ngazi ya mbao ya kubadilishia balbu ndiyo iliyokuwepo. Inacheza. Mimi napanda chai, sipandi ngazi. Mama Akinyi akaikanyaga kwa mguu mzuri na kuishika kwa mikono.

Kwa mtende wa tisa niliona tundu, na makapi yalikuwa na maji. Niliingiza spoku, nikazungusha, nikasikia inashika kitu kigumu kama ukucha. Nikavuta polepole. Alitoka akipiga kelele ndogo ya kukwaruza, pembe na yote, akaanza kupiga miguu kwa kiganja changu.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Kule juu nilikuwa peke yangu. Majani yalinificha. Nilijua mdudu huyu akifika mezani kwa meneja, swali la pili litakuwa ametoka wapi, na jibu liko nyuma ya stoo limesawazishwa kama meza. Paa la nyumba ya wageni lilikuwa karibu, na mfereji wake wa maji ulikuwa wazi. Ningemtupa humo na kushuka nikisema hakuna kitu. Nilifikiri hivyo muda wa kupumua labda mara tano. Naandika mara tano. Inaweza kuwa kumi.

Kutoka chini Mama Akinyi akauliza, "Yuko?"

"Yuko," nikasema.

Tulimpeleka akiwa ndani ya chupa ya jamu, pamoja na kipande cha jani na tundu lake. Meneja aliiweka chupa juu ya meza. Mdudu akapanda kioo, akaanguka, akapanda tena. Meneja akamwita Sajini, akamwomba achukue maelezo ya mshukiwa. Hata mwakilishi wa wafanyakazi alicheka, na mimi nilicheka pia mpaka meneja akauliza kwa upole, "Na hawa wanatoka wapi?"

"Kwa rundo langu," nikasema. "Sikuligeuza. Mama Akinyi aliniambia niligeuze, na nikakataa. Na ile sentensi ya makasi niliandika nikiwa nimemkasirikia."

Meneja akakaza kifuniko cha chupa. Halafu akasema Mama Akinyi atabaki kazini na nyumbani kwake. Akasema pia kwamba bustani inahitaji nyapara anayejua kutofautisha mdudu na mkasi, na kwamba mimi nitaendelea na kazi, chini ya Mama Akinyi. Sajini alirudisha makasi yakiwa bado kwa gazeti. Sikusikia akisema pole, lakini nilimwona ameyapaka mafuta yasishike kutu, na hilo naliandika kwa upande wake.

Hiyo ilikuwa asubuhi. Saa sita Mama Akinyi aliniita. Nilimkuta chini ya mtende wa kwanza na ile ngazi. Rundo langu lilikuwa limesambazwa lote juani, na kuku wa jikoni wanakula funza mpaka wanashindwa kutembea. Alikuwa na ndoo ya mchanga na majivu ya kuziba matundu, na spoku yangu.

"Tumeshatoa mmoja," akasema. "Mitende ni kumi na minne. Yote iangaliwe kabla ya wageni."

Nikasema labda tungoje vijana wa kiwanda, wao wana miguu myepesi.

"Rundo lilikuwa la vijana wa kiwanda?"

Nikachukua spoku. Ngazi ilikuwa imeegemezwa, inacheza vilevile. Siku ile ya mtende wa tisa alinishikia kwa sababu alihitaji kilichokuwa juu, nyumba yake ilikuwa huko. Sasa nyumba alikuwa nayo, kazi alikuwa nayo, hata yangu alikuwa nayo. Hakuhitaji kitu kutoka kwangu, na ardhi ya pale ilikuwa ya mawe. Nilipanda hatua moja, nikasimama, nikamwuliza kama ameshika vizuri.

"Panda," akasema.

Nilipanda mpaka majani yakanigusa uso. Hapo ndipo nilipothubutu kuangalia chini. Uso wake ulikuwa umegeukia mashamba ya chai, hakutaka kuniona. Lakini mikono yote miwili ilikuwa kwa ngazi, na lile goti lisilokunjika alikuwa ameliegemeza kwa mguu wa ngazi kuuzuia usiteleze.